Yungiyungi: Ua la Maji Yetu na Hatima ya Jina Lake

Utangulizi

Katika ushairi wa Kiswahili maua hayajawahi kukosa nafasi. Mshairi anapotaka kumsifu mpenzi wake, aghalabu hukimbilia asumini, waridi, kilua au mlangilangi. Maua hayo yana harufu, huvaliwa, hutungwa vikuba na hutandazwa kitandani mwa bibi harusi. Lipo hata hivyo ua jingine ambalo kamusi zetu zinalitambua, ambalo lina uzuri usiopungua wa hayo, lakini ambalo ni nadra kulikuta katika tungo zetu au katika mazungumzo ya wanafunzi wa Kiswahili. Ua hilo ni yungiyungi.

Suala hili lilinijia nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu katika shule moja ya upili iliyo karibu na Ziwa Viktoria. Niliwapa wanafunzi insha ya maelezo kuhusu mandhari ya ziwani. Msichana mmoja aliandika kwa ufasaha mkubwa kuhusu mayungiyungi yaliyotanda majini hadi mashua za wavuvi zikakwama. Nilimpa alama nzuri. Jioni, nilipokuwa nikizipitia insha zile kwa mara ya pili, niling'amua kwamba alichokieleza hakikuwa yungiyungi bali gugumaji. Nilitaka kumsahihisha kesho yake. Nilipojiuliza nitamwonyesha wapi yungiyungi la kweli, nilikosa jibu, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa nikilijua neno tu.

Makala haya yanakusudia kutekeleza mambo matatu. Kwanza, yataeleza yungiyungi ni mmea wa namna gani na huota wapi nchini Kenya. Pili, yatasimulia yaliyolipata ua hili katika Ziwa Naivasha, mahali ambapo zamani lilitanda kwa wingi. Tatu, yatachunguza jinsi kupotea kwa kitu kunavyolipokonya neno maana yake, na wajibu wetu sisi wapenzi wa lugha katika jambo hilo.

Yungiyungi ni Ua Gani?

Wataalamu wa mimea huliweka yungiyungi katika jenasi iitwayo Nymphaea. Aina inayoonekana zaidi katika eneo letu ni ile yenye maua ya buluu, ambayo kitaalamu huitwa Nymphaea nouchali. Rangi yake si moja daima. Huweza kuwa buluu iliyokolea, zambarau hafifu, waridi au hata nyeupe. Ipo pia aina ya pili, Nymphaea lotus, yenye maua meupe na majani ambayo ukingo wake una meno meno. Tofauti kubwa baina ya ndugu hawa wawili ni saa zao. Lile la buluu huamka na jua na kufumba alasiri, ilhali lile jeupe hufunguka jioni, likakesha usiku kucha na kujifumba asubuhi jua linapopanda.

Yungiyungi halielei ovyo kama wengi wanavyodhani. Mizizi na kiazi chake vimo ndani ya tope, chini kabisa. Kutoka hapo hupanda mashina membamba, mengine yakibeba majani na mengine yakibeba maua. Kila ua huwa na shina lake peke yake. Jani ni la mviringo, lina ufa mmoja unaoanzia ukingoni hadi pale linaposhikana na shina, na hulala bapa juu ya maji. Kwa kuwa upande wa chini umegusana na maji, matundu ya kuvutia hewa yako upande wa juu. Hewa hiyo husafiri kupitia mifereji iliyomo ndani ya shina hadi kwenye mizizi iliyozikwa katika tope lisilo na hewa. Hivyo basi, jani la yungiyungi ni sawa na pua ya mmea mzima. Likikatwa au kufunikwa, kilichoko chini hukosa pumzi.

Maisha ya ua lenyewe ni mafupi na yenye mpango wa ajabu. Huchanua kwa siku chache tu, kwa kawaida tatu au nne. Siku ya kwanza huwa tayari kupokea chavua, na katikati yake huwa na kisima kidogo cha majimaji. Mdudu aliyetoka kwenye ua jingine akitumbukia humo, chavua aliyoibeba huoshwa na kubaki pale. Siku zinazofuata kisima hukauka, na ua huanza kutoa chavua yake lenyewe ili wadudu waipeleke kwingine. Kazi hiyo ikiisha, shina hujipinda na kulivuta tunda chini ya maji. Huko tunda hukomaa, hupasuka na kutoa mbegu ambazo huelea kwa muda, zikachukuliwa na mawimbi, kisha huzama na kuota mahali papya.

Ni ua la kale katika fikra za Waafrika. Wamisri wa enzi za Mafarao walilichora yungiyungi la buluu kwenye kuta za makaburi yao, nao walilihusisha na jua kwa sababu ya tabia yake ya kufunguka asubuhi. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa katika miaka ya 1920, petali zake zilikutwa katika mashada aliyozikwa nayo mfalme huyo. Nasi watu wa Afrika Mashariki tumeacha alama katika elimu ya mmea huu: mnamo mwaka 1877 mtaalamu wa Kijerumani, Robert Caspary, aliliandika yungiyungi la buluu kutoka Unguja kwa jina la Nymphaea zanzibariensis. Jina hilo la Zanzibar lingali linatumiwa kutaja mojawapo ya namna za ua hili.

Mahali Linapoota

Yungiyungi linahitaji mambo manne: maji baridi yasiyo na chumvi nyingi, utulivu, kina kisichozidi mita chache, na mwanga unaofika chini hadi kwenye tope. Mto wenye kasi haulifai. Ziwa la magadi kama Bogoria halilifai pia. Kwa hiyo tunapolitafuta hatuna budi kutazama vidimbwi, mabwawa, ghuba zilizokingwa na upepo, na yale maziwa madogo yanayobaki mto unapobadili mkondo wake.

Katika pwani, makao yake ya asili ni delta ya Mto Tana. Mto huo umehama mara nyingi katika safari yake ya kuelekea baharini, na kila ulipohama umeacha nyuma vipande vya maji tulivu. Mafuriko ya msimu huvijaza tena vipande hivyo, na mafuriko ndiyo uhai wake. Delta hiyo iliorodheshwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba uliotiwa saini nchini Iran mwaka 1971 na ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1990.

Upande wa magharibi, yungiyungi hupatikana katika ghuba za Ziwa Viktoria na katika vinamasi vinavyolizunguka, hususan pale ambapo mafunjo hukinga mawimbi. Kinamasi cha Yala, pamoja na Ziwa Kanyaboli lililomo ndani yake, ni mfano mwafaka wa mandhari ya aina hiyo. Mafunjo na yungiyungi huishi kama jirani na jirani yake. Mafunjo huchuja tope linaloletwa na mito, maji huwa maangavu, na yungiyungi likapata mwanga.

Mahali pa tatu ni Bonde la Ufa. Maziwa mengi ya bonde hilo ni ya chumvi au magadi, lakini Naivasha, lililo takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, ni la maji baridi. Mito ya Malewa na Gilgil huliletea maji mapya, na ijapokuwa hakuna mto unaotoka humo, maji yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Hapo ndipo kilipotendeka kisa ambacho sharti tukitazame kwa utuvu.

Naivasha: Wageni Walipokuja

Babu yangu mzaa mama alivua samaki Naivasha tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Husimulia kwamba asubuhi walipokuwa wakienda kutoa nyavu, ghuba za kando zilikuwa za kijani kwa majani, na jua lilipochomoza majani hayo yalivikwa buluu. Mashina yalijizungusha kwenye makasia hadi ikawabidi kuyakata. Ndege mwenye vidole virefu mno alitembea juu ya majani bila kuzama. "Hatukuwa na saa," babu huniambia. "Maua yakianza kufumba tulijua tumechelewa sokoni."

Maelezo ya babu yanaafikiana na ya wanasayansi waliolichunguza ziwa hilo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 mayungiyungi ya buluu yalitanda katika maeneo yake yaliyokingwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalikuwa yametoweka. Je, yalienda wapi?

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Naivasha ilipokea wageni wengi, lakini mwenyeji hakupona. Samaki wa biashara katika ziwa hilo karibu wote waliletwa na binadamu. Katika miaka ya 1960 ilifika salvinia, mmea mdogo uelaeo wenye asili ya Amerika Kusini, ukatandaza zulia juu ya maji na kuziba mwanga. Katika mwongo huohuo alifika koipu, mnyama mkubwa wa jamii ya panya, pia kutoka Amerika Kusini, ambaye chakula chake ni mimea ya majini. Kisha, mwaka 1970, kamba wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, Marekani, walipandikizwa ziwani kwa nia njema ya kuinua uvuvi. Kwa muda nia hiyo ilionekana kutimia, kwani kamba hao walivuliwa na kuuzwa hadi Ulaya.

Kamba huyu hachagui chakula. Hula konokono, mayai, mizoga na mimea, naye hukata kwa magando yake hata kile asichokila. Kumbuka kwamba yungiyungi linaning'inia kwenye shina moja jembamba linalotoka topeni. Shina likikatwa, jani hupeperuka na kiazi hukosa hewa. Chipukizi changa likijaribu kupanda, hukatwa kabla halijauona uso wa maji. Mimea ilipopungua, hapakuwa na mizizi ya kulishika tope. Mawimbi yakalitibua, maji yakawa machafu, mwanga ukapungua, na mimea iliyosalia ikadhoofika zaidi. Kandokando ya ziwa, mafunjo yaliyokuwa yakichuja maji ya mito nayo yalikuwa yakifyekwa ili kupanua mashamba na malisho. Mambo haya yalisaidiana. Katika miaka ambayo kamba walipungua, baadhi ya mimea ya chini ya maji ilirejea, jambo linaloonyesha jinsi kiumbe huyo alivyokuwa na nguvu juu ya hatima yao. Hata hivyo, zile ghuba za buluu alizozijua babu hazikurudi kama zilivyokuwa.

Huko huko Naivasha, tangu miaka ya 1970 na hasa baada ya miaka ya 1980, kilimo cha maua ya kuuza nje kilikua kwa kasi. Leo ukitaja Naivasha na maua katika sentensi moja, kila mtu hufikiri waridi linalosafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Msomaji asije akadhani kwamba ninamtupia waridi lawama yote. Yungiyungi lilikwisha kuangamia kabla ya nyumba za plastiki kuenea. Isitoshe, maelfu ya familia hupata riziki yao humo, na shangazi yangu mmoja amewasomesha wanawe watatu kwa kukata na kupanga waridi. Ninachokisema ni hiki: mahali ambapo sasa panajulikana duniani kwa ua la mgeni palikuwa na ua lake, na wengi wanaoishi hapo hawajui kwamba lilikuwapo.

Jina na Mkanganyiko Wake

Turejee sasa katika uwanja wetu wa lugha. Umbo la neno yungiyungi ni la uradidi, kama yalivyo maneno pilipili, kiwiliwili, nyungunyungu na kimulimuli. Katika maneno ya namna hii nusu moja haisimami peke yake. Hatuna yungi moja. Kisarufi, wapo wanaoliweka neno hili katika ngeli ya LI-YA, wakasema yungiyungi hili na mayungiyungi haya, na wapo wanaolichukulia kuwa la I-ZI. Makala haya yamefuata matumizi ya kwanza.

Mkanganyiko mkubwa hata hivyo ni wa kimaana. Watafsiri wa Biblia walipofika katika Wimbo Ulio Bora, ambapo mwanamke anajifananisha na ua la bondeni, walihitaji neno la Kiswahili. Wale wa Tafsiri ya Muungano walichagua nyinyoro, yaani mmea wa nchi kavu unaoota kutokana na tunguu. Baadhi ya tafsiri za baadaye zimetumia yungiyungi. Simlaumu mtafsiri, kwa kuwa hata wataalamu hawajakubaliana kuhusu mmea uliokusudiwa katika lugha ya awali. Lakini matokeo yake ni kwamba msomaji wa leo hukutana na yungiyungi bondeni na miongoni mwa miiba, wala si majini. Kamusi nazo hutoa maelezo mafupi yasiyo na picha. Mwanafunzi akisoma kwamba ni ua la majini, kisha akitazama ziwa lake, ataona nini? Ataona gugumaji.

Gugumaji pia ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Lilibainika katika sehemu ya Kenya ya Ziwa Viktoria mnamo mwaka 1990, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam. Aina mbili za fukusi wanaolila zilianza kuachiliwa ziwani upande wa Kenya mwaka 1997, na gugu likapungua sana katika miaka iliyofuata, ingawa limekuwa likirudi mara kwa mara. Ua lake ni la zambarau hafifu na kwa kweli linapendeza. Ndiyo maana yule mwanafunzi wangu hakukosea kwa uzembe. Alikuwa na neno lisilo na kitu, akaona kitu alichodhani hakina neno, akavioanisha.

Kwa faida ya msomaji, njia ya kuvitofautisha ni rahisi. Gugumaji huelea na mizizi yake ikining'inia majini, majani yake husimama wima juu ya vikonyo vilivyovimba mithili ya sifongo, na maua yake hukaa mengi pamoja kwenye mkungu mmoja. Yungiyungi limefungwa topeni, majani yake hulala juu ya maji, na kila shina hubeba ua moja lenye stameni za manjano katikati. Gugumaji likitanda, yungiyungi lililo chini yake hufa kwa kukosa mwanga. Kwa hiyo kulipa gugumaji jina la yungiyungi ni kumvika muuaji nguo za marehemu.

Funzo Kutoka Rwanda

Je, kilichopotea chaweza kurudi? Nchini Rwanda, katika eneo la Bugarama, mwaka 1987 mtaalamu wa Kijerumani, Eberhard Fischer, aligundua yungiyungi dogo kuliko yote duniani. Majani yake huweza kuwa na upana wa sentimita moja tu, nalo halikuota ndani ya maji bali kwenye tope lililoloweshwa na chemchemi ya maji moto. Liliitwa Nymphaea thermarum. Maji ya chemchemi yalipochukuliwa kwa matumizi mengine, tope lilikauka, na kufikia mwaka 2008 mmea huo ulihesabiwa kuwa umetoweka porini. Mbegu chache zilikuwa zimehifadhiwa Ulaya. Mwaka 2009, katika bustani ya Kew jijini London, Carlos Magdalena alifaulu kuiotesha baada ya kutambua kwamba miche hiyo haikutaka kuzamishwa; ilihitaji kuwa karibu sana na hewa. Mwaka 2014 mmoja wa mimea hiyo uliibwa katika bustani hiyo. Kisha mwaka 2023 habari njema zikaja: mmea huo ulionekana tena ukiota porini, huko huko Bugarama.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mmea uliodhaniwa kufa unaweza kuwa bado unajificha karibu na nyumbani kwake, iwapo yupo anayeutafuta. La pili ni kwamba anayeutafuta lazima awe anajua anachokitafuta.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba yungiyungi ni ua la asili la maji yetu, lenye mahitaji mahususi, na kwamba hali ya ua hilo hutuambia hali ya maji yenyewe. Aidha, yamedhihirisha kwamba neno likitengana na kitu chake halibaki tupu. Hudandiwa na kitu kingine. Kwa sababu hiyo, mwandishi anapendekeza mambo yafuatayo kwa wanachama wenzake. Watunga kamusi waweke picha na maelezo ya makao ya kila mmea wa asili. Wanafunzi wanaofanya utafiti nyanjani wakusanye majina ya mimea ya ardhioevu katika lahaja za Kiswahili na katika lugha zetu nyingine, hasa kutoka kwa wavuvi wazee, maadamu wangali nasi. Nao washairi wetu chipukizi, kabla ya kuliita tena waridi, wasafiri hadi kwenye bwawa lililo karibu nao asubuhi moja na kutazama.

Likizo iliyopita nilimchukulia babu picha ya yungiyungi la buluu. Aliishika kwa muda mrefu. Akaniambia kwamba wao wavuvi, kila mmoja na kabila lake, waliliita ua la ziwa tu, basi. Nilimwambia kwamba kwa Kiswahili linaitwa yungiyungi. Alilirudia neno hilo mara mbili, polepole, kisha akasema, "Kumbe lilikuwa na jina lake, mjukuu wangu."

Muhula ujao ninatarajia kurudi katika shule ile. Picha hiyo nitaichukua.